SOMO: Kabureta na Njia ya Petroli

Katika vyama vya msingi vya mikoa inayolima korosho, msimu wa kupulizia salfa ni mfupi. Mkorosho ukishatoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri mashine itengenezwe. Siku ambayo injini inagoma kuwaka ni siku ya maua kuungua, na hasara yake huonekana baadaye kwenye mizani ya ghala. Hali ni hiyo hiyo kwa chama chenye pampu ya kumwagilia bustani ya miche, au jenereta ndogo ya ofisi. Mara nyingi fundi hutoa jibu moja tu: «Kabureta imekufa, nunueni nyingine.» Katibu huandika hati ya malipo, na fedha za wanachama hutoka.

Somo hili limekusudiwa kuwawezesha makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kuielewa kazi ya kabureta kiasi cha kutosha kuuliza maswali kabla ya kulipa. Ni dhahiri kwamba si kila mwanachama atakuwa fundi. Lakini mwenye mali asiyejua mali yake inavyofanya kazi hawezi kuilinda.

1. Mahitaji ya injini

Petroli ikiwa katika hali ya maji haiwezi kuwaka vizuri ndani ya silinda. Haina budi kwanza igawanywe kuwa matone madogo sana, ichanganyike na hewa, na kugeuka mvuke. Ndipo cheche ya plagi inapoweza kuuwasha mchanganyiko huo, na mwako wake kuisukuma pistoni.

Kiasi cha hewa kinachotakiwa ni kikubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote bila kubaki hewa wala petroli, huhitajika takribani kilo 14.7 za hewa. Kwa vipimo vya kawaida, lita 1 ya petroli huhitaji hewa ipatayo lita 9,000, yaani hewa ya kujaza mapipa 45 ya lita 200. Kwa hiyo chujio la hewa lililoziba kwa vumbi si jambo dogo.

Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito. Injini hutoa moshi mweusi, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na petroli huteketea bila kufanya kazi. Petroli ikipungua, mchanganyiko huitwa mwepesi. Injini hukosa nguvu, hupata joto kupita kiasi, na pengine hupiga chafya kupitia kwenye kabureta. Kazi yote ya kabureta ni kuushika uwiano huo katika hali mbalimbali.

2. Asili ya chombo hiki

Karl Benz wa Ujerumani alipopata hataza ya gari lake mwaka 1886, petroli ya injini yake iligeuka mvuke kwa kupitishiwa hewa juu yake. Njia hiyo ilifaa kwa injini ndogo ya mwendo wa pole, lakini haikuweza kutosheleza injini zenye nguvu zaidi. Mwaka 1893 Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria walipata hataza ya kabureta inayonyunyiza petroli kwa tundu jembamba. Miaka hiyo hiyo Wilhelm Maybach wa Ujerumani naye alitengeneza kabureta ya namna hiyo. Muundo huo ndio uliobaki, na mtu akiifungua kabureta ya pampu ya leo atauona humo.

Ni kweli kwamba magari mapya, na pikipiki nyingi za siku hizi, hayatumii tena kabureta bali hunyunyiziwa petroli kwa vifaa vinavyoongozwa na umeme. Injini za dizeli nazo hazina kabureta kabisa. Lakini mashine nyingi za mgongoni, pampu ndogo, jenereta ndogo na misumeno ya injini bado zina kabureta, na hizo ndizo mashine ambazo vyama vingi vinazo.

3. Sehemu za kabureta na kazi zake

Yafaa wanachama waione kabureta iliyofunguliwa wakati wa kujifunza sehemu hizi.

(a) Bakuli na boya. Petroli hutoka katika tangi, hupita kwenye koki na chujio, kisha huingia katika bakuli dogo. Ndani ya bakuli kuna boya linaloelea. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Boya likitoboka, au sindano ikishikwa na taka, petroli hufurika na kudondoka chini. Mashine nyingi za mgongoni hutumia kiwambo chembamba cha mpira badala ya boya, kwa sababu huinamishwa huku na huku wakati wa kazi.

(b) Koo. Hewa inayovutwa na injini hupita katika mrija ambao umebanwa katikati. Mto unapofika penye ukingo mwembamba huenda kasi. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Hewa inapoongeza kasi, msukumo wake hupungua. Petroli ndani ya bakuli imekandamizwa na msukumo wa kawaida wa hewa ya nje, hivyo husukumwa kuelekea kooni ambako msukumo ni mdogo, na hapo hupasuliwa kuwa matone. Kanuni hiyo ilielezwa na mwanasayansi Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, na koo hilo hujulikana kwa jina la Giovanni Battista Venturi wa Italia.

(c) Jeti. Hili ni tundu dogo la shaba ambalo petroli hupimwa kwalo. Jeti kubwa hutumika injini inapofanya kazi, na njia nyingine nyembamba zaidi huihudumia injini inapozunguka polepole bila kazi, hali ambayo mafundi huiita sailensa.

(d) Kilango cha kasi. Hiki ni kibao cha duara, au bomba dogo linalopanda na kushuka, ambacho huongeza au kupunguza mchanganyiko unaoingia katika silinda.

(e) Choki. Hiki hupunguza hewa ili petroli izidi wakati wa kuwasha injini iliyo baridi. Injini ikishapata joto, choki haina budi kufunguliwa. Mashine inayoachwa na choki imefungwa hula petroli bila sababu.

4. Tundu dogo, hasara kubwa

Sehemu inayoharibiwa mara nyingi na mikono ya watu ni jeti. Ikiziba, wengi huizibua kwa waya au sindano ya kushonea. Shaba ni laini, na tundu hupanuka. Jeti yenye kipenyo cha milimita 0.70 ikipanuliwa hadi milimita 0.77, jicho halioni tofauti. Lakini eneo la tundu hilo limeongezeka kwa takribani sehemu 21 katika 100, na petroli inayopita huweza kuongezeka kwa kiasi kama hicho.

Ichukuliwe kwa mfano pampu yenye injini ya nguvu za farasi 5, itumiayo lita 1.5 kwa saa. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, kwa siku 20 za mwezi, itatumia lita 180. Ikizidisha sehemu moja ya tano, chama kitapoteza lita 36 kila mwezi. Katika kiangazi cha miezi 5 upotevu utafika lita 180, sawa na petroli ya mwezi mzima. Hakuna mwizi aliyeingia ghalani, na hata hivyo mali imekwenda. Jeti husafishwa kwa petroli safi na kupulizwa kwa hewa. Isipozibuka, hubadilishwa kwa jeti ya namba ile ile, na bei yake kwa kawaida ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kabureta nzima.

5. Petroli yenyewe

Makosa mengi yanayobandikwa kabureta hutoka katika petroli.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini ya tangi na chini ya bakuli, mahali hasa ambapo jeti huchota. Dawa yake ni kufungua skrubu ya chini ya bakuli na kukinga petroli katika chupa nyeupe. Maji yakiwapo yataonekana chini.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke kwa urahisi. Injini huwaka kwa taabu, hugonga, na hutoa moshi. Nchini Tanzania udanganyifu huo ulienea hata Serikali ikaanza mwaka 2010 kuweka alama maalumu katika mafuta ili yaweze kupimwa. Chama hakina budi kununua kituoni na kupewa stakabadhi, wala si kwenye madumu ya njiani.

Petroli iliyokaa muda mrefu huharibika. Sehemu zake nyepesi huruka, na zinazobaki hugeuka utando unaonata kama gundi. Mashine ya salfa inayowekwa stoo na petroli ndani, kisha ikakaa hadi msimu wa maua unaofuata, huziba jeti bila mtu kuigusa.

Katika injini za mipigo miwili, ambazo ndizo za mashine nyingi za mgongoni, oili huchanganywa na petroli. Kipimo hufuata kitabu cha mashine. Uwiano wa 1 kwa 25 ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 20. Hapa pana jambo la kukumbukwa sana. Jeti ya injini hiyo ikiziba nusu, si petroli peke yake iliyopungua, bali na oili pia. Mwendeshaji akiendelea kuilazimisha, pistoni itakwama ndani ya silinda, na gharama yake itapita mbali bei ya jeti.

6. Mwinuko wa mahali

Hewa ya milimani ni nyepesi. Mjini Mbeya, palipo mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, kiasi cha hewa katika kila lita ni pungufu kwa takribani sehemu 15 katika 100 kuliko pwani. Mashine iliyorekebishwa Mtwara ikipelekwa huko itapata petroli nyingi kuliko hewa, na nguvu zake zitapungua. Kabureta hiyo si mbovu. Huhitaji kurekebishwa, au jeti ndogo kidogo kwa ushauri wa mwenye kuifahamu mashine.

7. Utaratibu wa kutafuta kosa

Njia ya petroli ifuatwe tangu tangi hadi silinda, bila kuruka hatua.

Kwanza, kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likiziba, injini huwaka dakika chache na kuzimika. Kifuniko kikilegezwa na injini ikaendelea, kosa limepatikana bila gharama.

Pili, koki, chujio na mpira wa petroli. Mpira ukichomolewa kwenye kabureta na koki ikafunguliwa, petroli itiririke bila kukatika.

Tatu, chujio la hewa. Vumbi la salfa huliziba upesi. Injini ikifanya vizuri chujio likiondolewa kwa kitambo kidogo, chujio lisafishwe na kurudishwa. Ni mwiko kufanya kazi bila chujio.

Nne, plagi. Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa, plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, na cheche ichunguzwe, mbali na petroli iliyo wazi.

Tano, choki. Injini ikipata nguvu choki inapofungwa kidogo, petroli inayofika haitoshi, na jeti ishukiwe.

Sita, na mwisho, kabureta ifunguliwe juu ya sahani safi, ili skrubu zisipotee.

Kazi zote hizo zifanyike nje, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala jiko karibu. Pampu au jenereta isiwashwe ndani ya chumba, kwa maana moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

8. Wajibu wa katibu na kamati

Kila mashine iwe na daftari lake. Humo iandikwe tarehe, saa za kazi, lita zilizotiwa, jina la mwendeshaji na matengenezo. Lita zikigawanywa kwa saa, katibu atauona ulaji ukipanda kabla fundi hajaitwa. Fundi akibadilisha kifaa, cha zamani kirudishwe ofisini. Msimu ukiisha, tangi limwagwe, injini iachwe iwake hadi petroli ya kabureta iishe, na jambo hilo liandikwe na kutiwa sahihi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini lita 1 ya petroli huhitaji hewa nyingi kiasi hicho, na chujio la hewa la mashine ya chama husafishwa lini na nani?
2. Jeti ya chama chenu huzibuliwa kwa kitu gani? Elezeni madhara ya kutumia waya.
3. Kwa nini jeti iliyoziba ni hatari zaidi katika injini ya mipigo miwili?
4. Someni daftari la mashine la miezi mitatu iliyopita. Ulaji wa petroli kwa saa umepanda, umeshuka, au haujulikani? Kama haujulikani, kamati ichukue hatua gani?
5. Fundi akisema kabureta inunuliwe mpya, ni maswali gani matatu katibu amwulize kabla ya kuandika hati ya malipo?