Nyimbo za Kutazama

Napenda kuwaeleza machache juu ya nyimbo zinazoonyeshwa kwa picha katika televisheni, na jinsi zilivyogeuza usikilizaji wetu.

Picha za namna hii zilikuwako zamani kidogo. Queen wa Uingereza waliutengenezea wimbo wao "Bohemian Rhapsody" picha mwaka 1975. Lakini tarehe 1 Agosti 1981 huko Marekani ilianza stesheni ya MTV, ambayo kazi yake ilikuwa kuonyesha nyimbo usiku na mchana. Tangu hapo mwimbaji asiye na picha alipata shida kujulikana. Watu weusi walitaabika zaidi: mwaka 1983 David Bowie alimwuliza mtangazaji wa MTV, mbele ya kamera, mbona weusi wanaoonyeshwa ni wachache vile. Mwaka huo huo "Billie Jean" ya Michael Jackson ikaonyeshwa, na wengine wakafuata.

Mfano ninaoujua vema ni "Thriller". Santuri ilitoka Novemba 1982, filamu ya wimbo ikaja Desemba 1983. Basi kwa muda wa mwaka mzima kila msikilizaji alikuwa na zimwi lake mwenyewe kichwani. Filamu ilipotoka, mazimwi yote yakawa mamoja: koti jekundu, na maiti wakicheza kwa mistari. Tena wimbo wenyewe ulipangwa upya. Katika santuri ni kama dakika 6, katika filamu karibu 14. Beti zaimbwa mfululizo, na kiitikio chaja mwishoni, baada ya ngoma ya maiti.

Jambo hili la kiitikio sikuligundua mimi. Jumamosi moja mwaka jana tuliitazama filamu hiyo bwaloni. Yuko mwenzetu asiyeona, ambaye wimbo ule aliujua kwa redio tu. Sisi tulikuwa tukipiga kelele na kuigiza mabega ya maiti, hata sufuria moja ikaanguka. Yeye akauliza, "Jamani, kiitikio kimekwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Filamu ile tulikuwa tumeitazama mara nyingi, na wimbo tuliujua tangu mwanzo hata mwisho, au tulidhani hivyo. Ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani za redio moja kwa bweni zima, labda mngalikisikia mara moja kwamba hakipo.

Sizilaumu picha. Bila hizo nisingalijua kucheza hata hatua moja, na uso wa mwimbaji una habari zake. Lakini neno la mwenzetu liliniuma.

Jumamosi iliyofuata niliketi karibu naye, nikafumba macho. Wimbo mwingine ukapigwa, niliozoea kuutazama. Chini ya sauti ya mwimbaji nikasikia sauti ya pili, ya mwanamke, laini sana, ambayo sikupata kuitambua siku zote. Nikamgusa mkono kumwuliza kama aisikia. Akacheka, akasema yuko pale tangu ubeti wa kwanza.

Kisha wenzangu wakapiga kelele, nami nikafumbua jicho moja.