Ziara ya Ulaya: Usiifiche presha yako ndani ya basi

Safari ya kwanza ya ng'ambo huandaliwa kwa furaha kubwa. Pasipoti hutafutwa, viza huombwa, koti zito hununuliwa mtumbani na jamaa huja kuaga. Lakini kuna mzigo mmoja ambao wengi husahau kuupanga, nao ni maradhi ambayo msafiri anayo tayari mwilini.

Somo la wiki hii ni la wale waliopita miaka 50 na ambao wanajiandaa kuzuru miji kadhaa ya Ulaya pamoja na kundi la watalii. Tuchukue mfano wa mume na mke wanaoishi Kiamunyi, nje kidogo ya katikati ya jiji la Nakuru, kwenye barabara iendayo Eldama Ravine. Huu ni mfano tu, ingawa huenda ukamtambua jirani yako ndani yake, au ukajitambua mwenyewe.

Wote wawili wamestaafu, na watoto wao wamechanga kuwalipia ziara ya siku 10: Amsterdam, Paris, Lucerne, Venice, Florence na Roma. Mzee ana presha na kila asubuhi humeza kidonge kinachomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Mama ana ugonjwa wa kisukari. Nyumbani hali zao ni nzuri, kwa sababu kila kitu kina saa yake na choo kiko hatua chache kutoka sebuleni.

Katika ziara ya kundi, saa si yako. Basi huondoka asubuhi na mapema, na watu 40 au zaidi hawawezi kumngoja mmoja kila mara. Hapo ndipo kosa huanzia. Mzee anaona aibu kuomba basi lisimame, kwa hiyo anaacha kidonge na anaacha kunywa maji. Mama hataki kuonekana mgonjwa, kwa hiyo hamwambii mwongozaji kuwa inampasa ale kwa wakati. Fahamu kwamba hatari kubwa ya ziara kama hii mara nyingi si chakula cha kigeni wala baridi. Ni kunyamaza.

Kabla ya kuondoka

Mwone daktari wako angalau wiki nne hadi sita kabla ya safari. Mweleze ziara yote: saa za ndege, siku za basi na mwendo wa miguu. Ikiwa unameza vidonge vya kutoa maji, usiviache kwa uamuzi wako. Muulize kama unaweza kuhamisha saa ya kuvimeza, kwa mfano hadi mfikapo hotelini alasiri. Kuacha dawa za presha ghafla kunaweza kuipandisha presha kiasi cha kuleta kiharusi.

Mwombe daktari barua fupi yenye majina ya maradhi yako na ya dawa zako. Dawa ziandikwe kwa jina lake la kitaalamu, si jina la kibiashara tu, kwani jina lililo kwenye boksi uliyonunua Nakuru huenda lisijulikane katika duka la dawa la Paris. Beba dawa za kutosha safari nzima na siku chache za ziada, zikiwa katika pakiti zake za asili.

Dawa zote ziwe katika mkoba wa mkononi. Sanduku lililopelekwa chini ya ndege huweza kupotea, na insulini ikikaa huko inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Sheria ya viwanja vya ndege ya kutobeba kiowevu cha zaidi ya mililita 100 mara nyingi huachilia dawa unazohitaji njiani, mradi uwaonyeshe wakaguzi pamoja na ile barua.

Kisha kuna bima. Nchi zilizo katika mkataba wa Schengen humtaka mwombaji wa viza awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Wengi huinunua ili kupata viza tu, wala hawaisomi. Isome! Bima nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari ikiwa hukuutaja. Ukificha presha kwenye fomu ili ulipe kidogo, unaweza kuachiwa gharama zote za hospitali.

Ndani ya ndege

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 160, na barabara ikisongamana utakaa garini saa tatu au zaidi. Kisha kuna saa za kungoja uwanjani na saa nane hivi angani hadi Amsterdam. Hesabu yako ya kukaa kitako huanzia mlangoni Kiamunyi.

Mtu akikaa muda mrefu bila kunyoosha miguu, damu hupita polepole katika mishipa ya miguu na huweza kuganda. Donge hilo likikatika na kufika kwenye mapafu, linaweza kuua. Jambo hili halikuanza na ndege. Mwaka 1940, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu, daktari Keith Simpson aliripoti vifo vya aina hii miongoni mwa watu waliokaa usiku kucha vitini ndani ya mahandaki.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa hatari hii huongezeka karibu maradufu mtu akikaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe ni katika ndege, gari moshi, basi au gari dogo. Usitishike kupita kiasi. Shirika hilo lilikadiria kuwa hupatwa mtu mmoja hivi kati ya 6,000. Lakini hatari ni kubwa zaidi kwa aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mnene kupita kiasi, au anayetumia homoni kama zile za vidonge vya kupanga uzazi. Hawa wamuulize daktari kuhusu soksi maalumu za kubana miguu. Usimeze aspirini kwa kubahatisha.

Kwa wengine kinga ni rahisi. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Ukiwa kitini, inua visigino kisha vidole, mara 20 hivi. Kunywa maji, na punguza pombe. Usilale usingizi mzito kwa vidonge ukiwa umekunja miguu.

Kuhusu saa, usiwe na wasiwasi mwingi. Kenya iko mbele ya Amsterdam, Paris na Roma kwa saa moja tu majira ya kiangazi chao, na saa mbili majira ya baridi. Anayemeza kidonge kimoja kwa siku ataendelea kukimeza kwa saa ya huko. Anayejidunga insulini apange na daktari wake mapema.

Ndani ya basi

Kutoka Amsterdam hadi Paris ni kilomita 500 hivi, yaani nusu ya siku barabarani. Habari njema ni kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya humtaka dereva apumzike jumla ya dakika 45 kwa kila saa nne na nusu za kuendesha. Kwa hiyo basi litasimama tu. Siku ya kwanza, mwendee mwongozaji faraghani umwambie: "Nina presha, nahitaji kujua tutasimama wapi." Kazi yake ni kusikia mambo kama hayo, na huenda wapo wenzako wengine waliokwisha kumwambia hivyo hivyo.

Weka sarafu za euro mfukoni, maana vyoo vingi vya njiani hulipiwa. Na kila basi lisimamapo, shuka, hata kama huna haja. Miguu yako ina haja.

Mjini kwa miguu

Watu hudhani ziara ya basi ni ya kukaa. Kumbe mijini ni mwendo. Venice basi huachwa ukingoni, kisha watu husafiri kwa mashua na kwa miguu, wakipanda na kushuka madaraja yenye ngazi. Kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463, na la Mtakatifu Petro huko Roma lina 551 kwa asiyetumia lifti. Si lazima upande. Kuketi chini ukawangoja wenzako si aibu.

Anza mazoezi mwezi mmoja au miwili kabla. Barabara za Kiamunyi zatosha: nusu saa kila siku, ukivaa viatu vile vile utakavyokwenda navyo. Viatu vipya visifunguliwe Paris. Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila jioni, kwani anaweza kupata lengelenge asilisikie.

Kutembea sana pia hushusha sukari, hasa kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide. Mama wa mfano wetu abebe peremende au glukosi mfukoni, si sandukuni. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, apewe kitu kitamu mara moja, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Joto, na mlima

Wengi huenda Ulaya na makoti wakati usiofaa. Mwezi wa Julai, Nakuru inapokuwa na ubaridi, Roma huweza kupita nyuzi 35. Joto la mwaka 2003 lilikadiriwa kuua watu zaidi ya 70,000 barani Ulaya, wengi wao wazee. Beba kofia, pumzika kivulini adhuhuri na unywe maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aulize mapema anywe kiasi gani.

Baadhi ya ziara hupandisha watalii hadi Jungfraujoch huko Uswisi, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, kwa hiyo usidhani umeshazoea. Mwenye moyo dhaifu amuulize daktari kabla ya kulipia tikiti.

Ukiugua huko

Piga simu 112. Nambari hiyo hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na hata Uswisi na Uingereza, bila malipo. Ukipatwa na homa, mwambie daktari kuwa umetoka Kenya, hasa kama ulikuwa Pwani au eneo la Ziwa Viktoria karibuni, ili akupime malaria. Yeye huenda asiifikirie.

Na ukisharudi Nakuru, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulisafiri. Damu iliyoganda huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya safari.

Maswali ya kujipima

Usiku mmoja kabla ya kufunga masanduku, mume na mke waketi waulizane:

1. Je, waweza kutaja dawa zangu zote na saa ninazozimeza?
2. Nikianguka barabarani nisiweze kusema, barua ya daktari na karatasi ya bima ziko wapi?
3. Dalili za sukari yangu kushuka ni zipi, nawe utanipa nini?
4. Nani kati yetu atazungumza na mwongozaji siku ya kwanza?

Ikiwa mmoja wenu ameshindwa kujibu hata moja, bado hamjawa tayari. Masanduku yangoje. Someni upya sehemu mliyokwama, kisha mjaribu tena kesho jioni. Safari njema.