Mbweha Wadogo Huja Wakati wa Maua

Andiko la somo: Wimbo Ulio Bora 2:10-15, Waefeso 4:26-27



Wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ya Machi ilitupata tumelala. Sisi tunaoishi huku Nakuru tunajua vile miezi ya kiangazi huwa: vumbi kila mahali, matangi yamekauka, mitungi imepangwa foleni. Kwa hivyo mabati yalipoanza kulia usiku, kitu cha kwanza nilichosema ni asante Yesu. Cha pili nilichosikia ni tone la maji. Tone moja, halafu lingine, kwenye chumba cha watoto.

Niliamka na tochi ya simu. Nikakuta binti yetu wa miaka 8 ameshasogeza godoro la mdogo wake kando, ameweka sufuria ya ugali pale panapovuja, na amerudi kulala. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akanijibu macho yakiwa nusu yamefungwa, "Mama alisema tusikusumbue, unaandika mahubiri."

Mahubiri yenyewe yalikuwa juu ya familia.

Hilo bati nilikuwa nalijua. Kabla ya Krismasi mke wangu aliniambia msumari umelegea. Nikasema nitaangalia. Januari akanikumbusha. Februari akanikumbusha tena, na nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. Baada ya hapo hakusema tena, nami nikafikiri tumeelewana.

Asubuhi nilipanda ngazi, yeye akaishikilia chini. Kazi ilichukua kama dakika kumi na misumari minne. Niliposhuka nikasema, tena kwa kujisifu kidogo, "Si umeona, kumbe kilikuwa kitu kidogo tu." Akaniangalia, akasema, "Ndiyo, pasta. Vyote vilikuwa vidogo."

Mke wangu haniiti pasta tukiwa nyumbani.

Tuliketi jikoni mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwezi wa pili binti yetu alirudishwa nyumbani kwa siku mbili kwa sababu ya salio la karo, shilingi 4,500. Mama yake alikuwa ameniambia mapema, muhula ukianza, nikamjibu, "Wacha nione." Nikasahau kuona. Alipochoka kungoja alikopa kwenye chama chake, na amekuwa akirudisha kidogo kidogo kutoka pesa ya mboga.

Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa ofisini kanisani nikipitia maombi ya wahitaji. Niliweka sahihi ili watoto wawili walipiwe karo. Sijutii sahihi hiyo, maana watoto wale walihitaji. Lakini wangu alikuwa akiruka kamba uani siku ya shule, na jioni nilipofika sikuuliza swali hata moja.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani, na amefanya vibaya kuliko mtu asiyemjua Mungu (1 Timotheo 5:8). Nimelifundisha andiko hilo mara nyingi. Asubuhi ile lenyewe ndilo lilinifundisha.

Nilirudi kwenye Wimbo Ulio Bora 2, na haya matatu ndiyo niliyopata.

1. Mbweha huja wakati wa maua

Kule Israeli mvua hunyesha miezi ya baridi, tangu karibu Oktoba hadi Aprili, halafu kiangazi huwa kikavu. Kwa hivyo majira ya kuchipua huwajia wao mvua ikiisha. Sisi huku Machi ndiyo mvua inaanza. Lakini shambani hali ni moja: kila kitu ni kichanga.

Soma mstari wa 11 hadi 13. Baridi imepita, maua yametokea, sauti ya hua inasikika, mtini unatoa matunda machanga, mizabibu inanukia. Kisha ghafla, mstari wa 15, anataja mbweha wadogo wanaoharibu mizabibu. Kwa nini awataje katikati ya furaha namna hiyo? Sababu iko mwishoni mwa mstari huo huo: mizabibu iko katika maua. Ua likidondoka leo, zabibu haipo kesho. Na mtu anayepita kando ya shamba hawezi kuona hasara, maana bado ni kijani kibichi. Hasara itaonekana siku ya mavuno.

Nyumba yetu ilikuwa katika maua. Watoto wazima, huduma inakua, hatukuwa na ugomvi wowote. Ukiniuliza ningesema tuko sawa. Mpendwa, usipime ndoa yako kwa kukosekana kwa kelele. Kuna siku mwenzako aliacha kukukumbusha jambo. Je, aliacha kwa sababu lilitengenezwa, ama kwa sababu alichoka?

2. Deni lina umri

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Kitu kimoja tulichofundishwa ni kupanga madeni ya wateja kulingana na umri: yaliyo chini ya siku 30, yaliyofika 60, yaliyopita 90. Unapanga hivyo kwa sababu deni changa hulipwa kwa simu moja. Deni likizeeka, hata kiasi kikiwa kile kile, kulipata ni kazi, na mwisho mwenye duka hulifuta kwenye kitabu na kuacha kumwamini mteja huyo.

Ahadi za nyumbani ni hivyo hivyo. Msumari wa Desemba ulikuwa msumari. Kufikia Machi haukuwa msumari tena. Ulikuwa ushahidi kwamba neno langu nyumbani halina uzito. Na binti yangu alikuwa ameshafuta deni hilo. Hakulia, hakuniita. Alichukua sufuria.

Mungu kwa upande wake hakutupa siku 30. Katika Waefeso 4 anatuonya jua lisizame tukiwa bado na hasira, tusije tukampa Ibilisi nafasi. Ni siku moja tu. Anajua kinacholala nasi leo huamka kesho kikiwa kikubwa.

3. Wanakamatwa na wote

Angalia tena mstari wa 15. Hasemi shamba langu, wala shamba lako. Ni mizabibu yetu. Ombi ni la wengi.

Mke wangu naye aliniambia neno lake, na amenipa ruhusa kuliandika. Amesoma ukurasa huu kabla yenu. Alisema, "Nilinyamaza nikaita upole, kumbe nilikuwa nahesabu." Kosa la karo ni langu, silipunguzi. Lakini tulikubaliana kwamba kunyamaza kwake na kuahirisha kwangu vilikuwa vikifungua pengo moja kwenye ua. Nilimwomba msamaha pale jikoni. Tukaomba kwa ufupi, bila sauti ya madhabahuni.

Sasa kila Ijumaa, watoto wakilala, tunaketi na daftari la shilingi ishirini. Kila mmoja anasema anachongoja kutoka kwa mwenzake. Tunaandika na siku. "Wacha nione" hairuhusiwi mezani kama haina tarehe. Deni la chama nimelichukua mimi, limebaki shilingi 2,000. Ijumaa ya kwanza tulimaliza tumenuna. Ya pili tulicheka. Sijui ya tatu itakuwaje, lakini tutaketi.

Binti yetu pia nilimwomba msamaha. Wazee wetu hawakuzoea kumwambia mtoto samahani, na hata mimi ulimi ulikuwa mzito. Alinisikiliza, akauliza, "Sasa naweza kukuamsha?" Nikamwambia hata kama ni saa nane usiku. Na ndiyo, ameshaniamsha mara moja, sababu ilikuwa panya.

Ya kufanya wiki hii

Kwenye ushirika wa nyumbani zungumzeni haya:
- Ni jambo gani dogo nyumbani kwako limeacha kutajwa? Lina umri gani?
- Soma Mathayo 5:23-24. Je, kuna mtu wa nyumbani kwako unayepaswa kumwendea kabla ya kuleta sadaka Jumapili?
- Kwa wazazi: mtoto wako akipata shida usiku, humwita nani? Kwa nini?

Kwa wanaoishi peke yao, mama wanaolea wenyewe, na vijana: mbweha hawachagui nyumba. Simu ya mzazi ambayo hujapiga, ndugu uliyemwahidi kitu mkiwa matangani, jirani unayemdai ama anayekudai. Anzeni hapo.

Mashamba yanalimwa sasa, na wengi wenu mko na mbegu mkononi. Unapokagua ua wa shamba kabla ya kupanda, ukirudi jioni kagua na ule wa nyumba.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipotunza madhabahu tukaacha meza ya nyumbani. Tupe macho ya kuona kitu kingali kidogo, unyenyekevu wa kusema nimekosa, na ujasiri wa kusema naumia. Linda maua yaliyo katika nyumba zetu mpaka mavuno. Kwa jina la Yesu. Amina.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili.