SOMO: KUTULIZA JOTO LA KIMEA

Mpika pombe wa Kakese, Mpanda, huupika kwanza uji wa mahindi, kisha huuacha upoe kabla ya kutia kimea cha ulezi. Utaratibu huo una sababu. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari katika joto la nyuzi 62 hadi 70 za Sentigredi. Uji unaotokota huviua. Na joto likishuka chini ya nyuzi 50, vijidudu vya uchachu hupata nafasi. Hapo ulezi na kuni vimekwenda bure, na fedha ya daftari za mtoto imekwenda navyo.

Ndoo mbili za uji unaochemka zikichanganywa na moja ya maji baridi, joto huteremka karibu na nyuzi 70. Kimea hulipunguza kidogo tena. Kipimajoto, kama kipo, huondoa ubishi.

Kazi kubwa ni kulishika joto hilo kwa muda wa saa nzima. Kuchochea kuni huunguza chini ya chungu na kuacha juu pakiwa vuguvugu. Heri chungu kiepuliwe, kifunikwe, kikalishwe ndani ya tenga kubwa lililotandikwa gunia na kujazwa pumba kavu za mpunga, ambazo mashineni hazikosekani. Tone la uji lililopoa, likitiwa iodini na kugeuka samawati iliyokoza, laonyesha kuwa wanga ungalipo: kimea kingojewe zaidi, na tone hilo limwagwe.