Kusafisha Picha Mbele ya Kuifanya Karatasi ya Albumu



Wengi wametuuliza juu ya albumu ya finaliste: ginsi gani mapambo madogo yale yaliingia nyuma ya majina, na sababu gani yaliharibika. Tunajibu kwa somo hili. Picha zenyewe hatuwezi kuzionyesha hapa, maana stensili haipokei rangi hafifu. Tutaeleza kwa maneno tu.

Tulichukua picha ndogo ya taa, mistari myeusi juu ya nyeupe, tukairudia-rudia mpaka ikajaza karatasi. Kipande kilikuwa na pikseli 300 kila upande. Karatasi ya A4, ukiacha ukingo kidogo, inapokea pikseli 2400 kwa 3300, kama mashine inachapa nukta 300 katika inchi moja. Basi hesabuni: vipande 8 kwa upana, 11 kwa urefu, vyote 88. Pembeni ya moto wa taa kulikuwa kitone kimoja cha uchafu, hakuna mtu aliyekiona. Kikachapwa mara 88. Kimoja kikaanguka juu ya herufi e katika jina la mwenzetu, ikasomeka é, jina la mtu mwingine kabisa. Alikataa karatasi ile, na alikuwa na haki.

Uchafu huo unatoka wapi? Picha nyingi tunazopokea kwa simu ni za aina ya JPEG. Aina hiyo inagawanya picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na inatupa vitu vidogo-vidogo ili faili iwe nyepesi. Kwa picha ya mtu ao ya mlima, jicho halione kitu. Lakini kando ya mstari mweusi inabakiza vitone vya kijivu kama vumbi. Tena, kila mara unaibadilisha na kuihifadhi kwa JPEG, inapoteza zaidi. Ndiyo maana kazi yetu tunaihifadhi kwa PNG, ambayo haitupi kitu.

Kwa kusafisha tunatumia GIMP, programu ya bure. Kwanza jaribu: shika ndoo ya rangi, mwanga nyekundu juu ya sehemu nyeupe. Vitone vinavyokataa nyekundu, ule ndio uchafu. Rudisha nyuma kwa Ctrl na Z. Kisha fungua «Couleurs», halafu «Seuil». Hapo kila pikseli inalazimishwa kuwa nyeusi ao nyeupe, kijivu hakuna tena. Mpaka wake unatembea kati ya 0 na 255. Ukianzia 127, vumbi hafifu linageuka nyeupe. Ukipandisha sana, vumbi linageuka nyeusi na mistari inanenepa; ukishusha sana, mistari myembamba inakufa. Hapa ndipo wengi wanakimbia mbio bure. Vitone vyeusi vinavyobaki, kuza picha na uvifute kwa mkono, kimoja kimoja.

Fanya hiyo yote picha ikiwa ingali kubwa, ndipo uipunguze mpaka 300. Ukifanya kinyume, mistari inapata meno kama msumeno.

Kama umechora mwenyewe na kupiga foto kwa simu, pigia nje penye mwangaza sawa. Kivuli cha mkono kinageuka doa jeusi kubwa, na «Seuil» haitakusaidia.

Kipande kikiwa safi, kinakili: kitaonekana cha kwanza katika orodha ya «Motifs». Sasa mwanga kwa ndoo ukichagua motifu pahali pa rangi, karatasi inajaa mara moja. Mwisho punguza nguvu ya mapambo. Sisi tulipofika 15 kwa 100, majina yalisomeka vizuri, na mashine haikula wino mwingi.

Juu ya picha za wengine: katika Openclipart, iliyoanza mwaka 2004, wachoraji wenyewe wametoa kazi zao kwa watu wote, hakuna haja ya kuomba ruhusa. Picha iliyookotwa pahali pengine, uliza mwenyewe kwanza.

Mbele ya kuchapa albumu nzima, chapeni karatasi moja moja yenye majina, na kila mwenye jina alisome kwa macho yake mwenyewe, si rafiki yake.