Kabla Hujafuta Patisheni ya Urejeshaji



Muhula uliopita mwenzangu wa chumba hapa Kikoni alinikabidhi laptopu yake baada ya swala ya Isha. Diski yake ya gigabaiti 128 ilikuwa imebakiza gigabaiti mbili tu, naye alikuwa katikati ya kuandika ripoti ya utafiti. "Shekhe, nitafutie nafasi, wewe ndiye fundi wetu," akaniambia. Mimi nasoma takwimu, sisomi kompyuta, lakini sifa ni tamu. Nikafungua Disk Management, nikaona kipande cha diski kisicho na herufi kimeandikwa Recovery. Nilipokibofya, chaguo la kufuta halikuwepo. Hapo ndipo ningesimama nijiulize kwa nini. Badala yake nikatafuta njia ya kukifuta kwa nguvu, nikaipata.

Nilivuna megabaiti 529. Tena hazikuungana na C, kwa sababu kipande kile kilikuwa mwanzoni mwa diski, na Windows huipanua patisheni kwa nafasi tupu iliyo mara tu kulia kwake, si kushoto. Sikumwambia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye umeme ulikatika laptopu ikiwa inapokea sasisho, na betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Ilipowashwa haikufika kwenye Windows. Kwa kawaida mfumo ukishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hujifungulia skrini ya bluu yenye zana za matengenezo. Zana hizo ndizo zilizokuwa kwenye kipande nilichokifuta. Ikabidi nimweleze. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na sura ya nne?"

Sura ya nne haikuwa na nakala mahali pengine popote.

Kilichotuokoa ni flashi ya kusakinishia Windows tuliyoitengeneza kwenye kompyuta ya rafiki, flashi ya gigabaiti 8 na bando lililotumaliza pesa za wiki. Tuliwasha laptopu kwa flashi ile, tukachagua kutengeneza badala ya kusakinisha, tukaingia Command Prompt na kunakili mafaili kwenye flashi ya pili, moja baada ya jingine, mpaka karibu na adhana ya Alfajiri. Ingekuwa diski imefungwa kwa BitLocker tungedaiwa ufunguo wa tarakimu 48, na sidhani kama alijua uko wapi. Wewe unajua wako ulipo?

Tangu hapo nimejifunza kwamba jina Recovery hubeba vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kipande kidogo, kati ya megabaiti mia kadhaa na gigabaiti moja, chenye zana za matengenezo za Windows. Hiki hakina nafasi ya kukufaa, na Windows bado inakitumia: Januari 2024 sasisho KB5034441 liliwakwamia watu wengi kwa kuwa kipande hicho kilikuwa kidogo mno, Microsoft ikaelekeza kiongezwe megabaiti 250. Cha pili ni kipande kikubwa cha kiwandani, gigabaiti 10 hadi 20, chenye nakala ya mfumo uliokuja na mashine. Laptopu za mtumba tunazonunua mjini mara nyingi bado wanacho, na ndani yake mna Windows 7 au 8 ambayo hakuna atakayeirudia. Hicho kinafutika, na leseni haipotei: kwa mashine zilizotoka kiwandani na Windows 8 au baada yake, ufunguo wake umehifadhiwa kwenye ubao mama.

Ukiamua kufuta, nakili kwanza kazi zako nje ya laptopu na utengeneze flashi ya kusakinishia wakati mashine bado inawaka. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike reagentc /info. Itakuonyesha zana za matengenezo ziko patisheni ya ngapi, na hiyo usiiguse. Kwa ile kubwa ingia diskpart, andika list disk, select disk 0, list partition, ulinganishe ukubwa kwa makini, select partition na namba yake, halafu delete partition override. Amri hii ya mwisho haikuulizi kama una hakika. Kuna pia kipande cha EFI cha megabaiti 100 hivi au zaidi kidogo. Ukikifuta hicho, laptopu haitawaka kabisa.

Na kama huna budi kukiondoa kile kidogo, tanguliza reagentc /disable, ambayo huziondoa zana pale na kuziweka ndani ya C, ufute, kisha reagentc /enable. Mimi sikulijua hilo.

Lakini tulipoketi na laptopu ya mwenzangu safari ya pili, kwa idhini yake na yeye akitazama, nafasi tuliipata kwingine kabisa. Amri powercfg /h off iliondoa faili la kulaza kompyuta, gigabaiti tatu na ushei. Folda ya Downloads ilikuwa na video za mihadhara zilizopakuliwa mara mbili mbili. Folda ya Windows.old, iliyoachwa na usakinishaji mpya, tuliifuta kwa Disk Cleanup baada ya kuhakikisha hakuna kazi yake iliyobaki ndani. Sura ya nne sasa ipo kwenye flashi yake, kwenye barua pepe yake, na kwenye flashi yangu.