TAA YA INJINI IMEWAKA NA MZIGO UNASUBIRIWA? SOMA KODI ZOTE KABLA YA KUNUNUA SPEA

Leo tuache kidogo mambo ya picha na bei, tuongelee gari linalopeleka mzigo wako. Likizima, oda zinalala, na mteja hataki kusikia habari za gereji.

Yaliyonikuta: pikapu yangu ya petroli ilianza kutetemeka kwenye foleni. Inamisi, taa ya injini imewaka, nyuma nina oda 11 za vyombo. Fundi akachomeka mashine, akasema, "Bosi, kodi ni ya kumisi. Lete koili nne na plagi nne." Nikatoa hela. Pikapu ikaendelea kutetemeka vilevile. Fundi wa pili akakuta mpira wa kuingiza hewa umepasuka. Bei yake haikufika hata ya koili moja! Na mashine ilishasema tangu siku ya kwanza, sema sisi tulisoma kodi moja tukaacha ya pili.

KODI NI NINI?
Siyo ile ya TRA 😄. Ni namba ambayo kompyuta ya gari inaiandika ikiona kitu hakiko sawa. Mfano P0302:
👉 P: upande wa injini na gia.
👉 0: kodi ya kawaida, maana yake ni moja kwa magari mengi. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya kampuni iliyotengeneza gari.
👉 3: mambo ya kuchoma mafuta na kumisi.
👉 02: silinda ya pili.

Shika hili: kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0302 haisemi "nunua koili". Inasema silinda ya pili haichomi vizuri. Sababu inaweza kuwa plagi, koili, nozeli, au hata kompresheni imeshuka.

KAMA NI SILINDA MOJA (P0301, P0302, P0303, P0304)
Hapa kuna kipimo ambacho hakigharimu spea yoyote, ikiwa kila plagi ina koili yake:
1. Zima injini. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, na ya 3 iende ya 2.
2. Futa kodi, endesha kidogo, pima tena.
3. Ikija P0303, tatizo limehama na koili. Nunua koili MOJA.
4. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Rudia hivyo hivyo kwa plagi.
5. Bado haijahama? Sasa fundi apime nozeli na kompresheni.

KAMA NI P0300
Kumisi hakujatulia kwenye silinda moja. Usikimbilie kununua vitu vinne vinne. Angalia kodi iliyo jirani yake. Yangu ilikuwa P0171: hewa nyingi, mafuta machache. Tatizo linalogusa silinda zote mara nyingi ni la pamoja: mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa ni chafu, filta ya mafuta imeziba, au pampu imechoka.

Utatofautishaje? Sikiliza gari. Likitetemeka zaidi likiwa limesimama na kutulia ukikanyaga mafuta, anza kutafuta hewa inayovuja. Likisumbua zaidi mlimani au likiwa na mzigo, anza na filta na pampu.

MAMBO YA KUSHIKA
✅ Piga picha kodi ZOTE kabla hazijafutwa. Zikifutwa, ushahidi umeondoka.
✅ Muulize fundi, "Umepimaje ukajua ni hiki?" Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo.
✅ Spea ya zamani omba uondoke nayo.
✅ Magari ya zamani ya Kijapani, baadhi hayasomeki kwa kifaa cha bei rahisi. Uliza kabla ya kununua kifaa.
⚠️ Taa ikiwaka tu bila kupepesa, nenda kapime mapema. Ikianza KUPEPESA, punguza mwendo, paki pembeni, tafuta gari lingine la kumalizia oda. Petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi na kuunguza kichujio chake, na hicho ni ghali kuliko faida ya oda zile.

Na wewe unayeuza spea mtandaoni: mteja akiandika "nataka koili", muombe kwanza picha ya kodi na namba ya injini. Utapunguza mizigo ya kurudishwa, na atakukumbuka kwa kumwokolea hela.

Mimi siku ile niliwaandikia wateja wote 11 ukweli: gari limeharibika, mzigo utafika kesho. Tisa walisubiri. Wawili niliwarudishia hela yao, na mmoja amesharudi kununua.

Hifadhi post hii, mtumie na dereva wako. Gari lako limewahi kutoa kodi gani, na tatizo lilikuja kuwa nini? Andika hapo chini tujifunze wote 👇